Mwaka wa Mboga ya Ndani

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Bura kule Singe. Mjukuu wake, kijana mwenye miwani na sauti ya kutangaza mpira, alisimama mbele ya jeneza akatusomea wasifu wa marehemu. Alisoma kwamba babu yake alikuwa mzee wa kanisa, mkulima hodari wa mbaazi, mpatanishi wa ndoa za watu, na mtu aliyeshika mila za kwetu mpaka akaondoka duniani bila kutia samaki mdomoni. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa nimeketi upande wa wapishi, maana siku hizi misiba mingi ya mji huu wananiita mimi kupika, nikaziba mdomo kwa kitenge. Mama aliyekaa jirani akanishika bega. "Jikaze, Mama Daniel," akaniambia, "kazi ya Mungu haina makosa." Alidhani nalia. Nilikuwa nacheka, tena kicheko kibaya, cha mtu anayejua kuwa marehemu alipenda kichwa cha kambale kuliko mkia, na kwamba alikuwa akinyonya jicho kwanza kabla ya kugusa kitu kingine kwenye sahani.

Nimewapikia watu wa Babati kwa miaka mingi kiasi cha kuwajua kwa matumbo yao, na nikwambie ukweli, ukimjua mtu kwa tumbo lake ni vigumu kumheshimu tena. Nimewaona waliochanga soda moja kwenye harusi wakibeba nyama ya watu sita kwenye mfuko wa rambo. Nimekaa kwenye vikao vya kamati vya saa nne kuamua kama kachumbari iwe na pilipili au isiwe nayo, na mwisho wa kikao mwenyekiti akashukuru wajumbe kwa michango yao mizito. Nimepasha chakula kimoja mara tatu kumsubiri mgeni rasmi ambaye, alipofika, alisema amekula njiani. Vijana wa siku hizi nao ni walewale, ila wamebadili nguo. Wanashuka kwenye bajaji mbele ya hoteli yangu, wanaagiza perege mzima, wanampiga picha kwanza mpaka mchuzi unapoa, kisha wananiuliza, "Mama, hii ndiyo asili ya hapa Babati, eti?" Nawajibu ndiyo, wanangu, asili kabisa. Babu zao wangezimia. Au wangejifanya kuzimia, maana kujifanya ndiyo asili tuliyokuwa nayo kweli.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule ambao Babati ilikuwa ndiyo kwanza imefanywa makao ya mkoa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, naitwa Paskalina, na nilikuwa nimeteremka kutoka Mbulu na sanduku moja. Kwa nini niliteremka, na kwa nini ningekubali kula mchanga kuliko kupanda basi la kurudi, ni habari nyingine ambayo siisemi hapa. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilitaka jambo moja tu, nalo ni kutorudi. Na kitu pekee kilichonishikilia mjini kilikuwa banda la mbao nyuma ya soko, ambalo nililimiliki nusu kwa nusu na mwanamke aliyeitwa Mama Kulwa. Yeye alikuwa mtu wa Ukerewe. Dereva mmoja wa lori alimleta hadi hapa akamwacha, kama watu wanavyoacha tairi lililopasuka kando ya barabara. Alikuwa anakaribia miaka arobaini, mfupi, mikono imejaa, na hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Yeye alileta ujuzi, mimi nilileta sufuria. Zilikuwa saba, kila moja na mfuniko wake, na ile kubwa ilitosha kupikia pilau ya watu mia. Mama Kulwa alikuwa akiigonga kwa kucha na kusema, "Hii sufuria, mdogo wangu, inastahili mpishi." Alimaanisha bado sijawa.

Lazima nieleze habari ya samaki, maana vijana hawaijui na wazee wanajifanya wameisahau. Kwetu, sisi tuliolelewa juu kule, samaki hakuwa chakula. Alikuwa nyoka wa majini. Bibi zetu walitema mate chini wakisikia akitajwa, na mtu aliyemla hakupewa kibuyu cha maziwa anywe, kwa kuwa midomo yake ingeyaharibu. Sasa shuka na imani hiyo mpaka Babati, mji wenye ziwa hapo chini ambamo perege wanaruka asubuhi kama wanakutania. Wavuvi walikuwa watu wa kuja, na waliokula walikuwa watu wa kuja: madereva, mafundi, na mwaka ule maofisa wa mkoa mpya waliohamia na magodoro na njaa zao. Sisi wenyeji tulipita na mbaazi zetu tukiziba pua. Mimi nilianza kuonja kwa sababu ya harufu tu. Mama Kulwa alikuwa anampaka perege chumvi na ndimu, anamlaza kwenye ungo mpaka jua lifike ubao wa tatu wa ukuta, halafu anamchemsha polepole na nyanya nyingi za Magugu na kitunguu, bila tone la mafuta. Siku moja nilisimama pale nikimeza mate mpaka akaniona. Akamega kipande cha shavu, akatoa miba kwa kidole, akaninyooshea mkono. "Kula. Hakuna atakayekutapisha." Nikala. Nikakaa chini kwenye kigoda nikala sahani nzima, na kitu pekee nilichojutia ni miaka ishirini na mitatu ya maharage.

Mimi ndiye niliyesema tuuze samaki. Mama Kulwa alikuwa anajipikia mwenyewe tu, hakutaka maneno ya watu. Nilimbembeleza wiki nzima, akakubali. Basi mbele ya banda, kwenye mabenchi mawili yaliyotazama soko, tukaweka vyakula vya kujulikana: makande, ugali na maziwa mgando, mchicha, mbaazi, supu ya mbuzi. Nyuma ya pazia la gunia kukawa na chumba kidogo chenye meza moja, vigoda vinne na mlango wa kichochoroni, uliofichwa na matenga ya nyanya. Huko ndiko tulikowalisha maofisa samaki. Tulidhani ni kwa ajili ya wageni. Haikupita mwezi, asubuhi moja, nikasikia mtu akikohoa mara mbili kichochoroni. Nilipofungua, alikuwa Mzee Bura, na koti lake la Jumapili siku ya Jumatano. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, binti." Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Nimesikia mna mboga ya ndani." Sikuelewa. Mama Kulwa alielewa. Akavuta kigoda, akapangusa meza, akamwekea kambale bila kuuliza swali hata moja.

Tangu siku ile hatukusikia neno samaki kutoka kinywani mwa mwenyeji. Ilikuwa mboga ya ndani. "Leo ile ya ndani ipo?" "Ya ndani imeiva?" Wakawa wanne, wote wazee wa kanisa, wote wenye wajukuu, kila mmoja kwanza akija siku yake kwa kuwaficha wenzake, mpaka siku moja wawili wakagongana kwenye matenga ya nyanya. Wakasalimiana kwa upole mkubwa, wakaulizana habari za mashamba, kisha wakaingia pamoja kama watu wanaoingia ibadani. Kuanzia hapo walikuja wote wanne Jumatano. Walikula vizuri, siwezi kuwanyima hilo. Kisha walinawa kwa majivu, wakasugua vidole kwa ganda la ndimu, na kila mmoja akaagiza kipande kimoja cha mbuzi cha kuchoma. Mama Kulwa alikiita nyama ya kutokea. Walikishika mkononi, wakazunguka, wakatokea mbele ya banda wakikitafuna polepole, na kijiti cha meno kikining'inia mdomoni, ili soko zima lione wametoka kula mbuzi.

Mazungumzo yao ndiyo yaliyonimaliza. Mimi nilikuwa nasimama upande huu wa pazia, nikichambua mchele, nikawa nasikia kila neno. Walipanga sherehe, walipanga michango, waligawa watu wema na wabaya. Jumatano moja walimjadili kijana wa Nakwa, mwimbaji wa kwaya, aliyeonekana ziwani akinunua perege wawili kwa wavuvi. Waliumia sana. Nilisikia mwiba ukinyonywa, ukatemwa, halafu Mzee Bura akasema, "Kijana akishaanza na nyoka wa majini, atakataa nini tena?" Wenzake wakaitikia kwamba vijana wameoza. Wakakubaliana asimamishwe kuimba kwa miezi mitatu. Kisha mmoja akaomba aongezwe mchuzi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa mimi. Niliingia na bakuli, nikawaongezea, nikawaambia karibuni sana wazee. Nilipotoka nilimkuta Mama Kulwa amekunja uso. "Unacheka nini?" akaniuliza. Nikamwambia nawacheka wale. Akasema, "Usiwacheke. Siku wakifichuliwa, hawataanguka wao." Nilimwona mwoga.

Ukiacha unafiki, yalikuwa maisha matamu, na nisingependa mtu afikiri nilikuwa na huzuni. Asubuhi nilipita sokoni kabla wachuuzi hawajamaliza kupanga mafungu, nikionja ndizi hapa, nikibishania vitunguu pale, nikiitwa Paska na kila mtu. Siku ya mnada tulibeba sufuria mbili za supu mpaka uwanjani, na wafugaji kutoka tambarare za Hanang, na fimbo zao na mashuka yao, walikunywa wakiwa wamesimama, wakirudisha kikombe bila neno, na kurudisha kikombe kitupu kwao ndiyo ilikuwa sifa. Hao walitudharau waziwazi kwa kunuka ziwa. Niliwapenda kwa hilo. Mtu anayekudharau usoni unaweza kufanya naye biashara. Jioni tulikaa mbele ya banda tukila makoko ya ugali na mchuzi uliobaki, Mama Kulwa akanifundisha kutazama samaki kabla ya kununua: unafunua shavu, unatazama wekundu wa ndani, humsikilizi mvuvi. Nilijifunza haraka. Nilijiona mjanja, nikaanza kumjibu kwa mkato, na yeye akawa ananiacha tu. Kijana akishajua kupika vyakula vitano hudhani mjini ni kwake.

Kuelekea mwisho wa mwaka kamati ya kipaimara ikatafuta wapishi. Sherehe ya watoto wote wa kipaimara ilifanyika kwa pamoja, chini ya turubai kwenye uwanja wa kanisa, na aliyepika pale aliitwa na kila mwenye harusi kwa mwaka mzima uliofuata. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Bura. Alikuja safari hii kwa mlango wa mbele, akasimama, hakukaa, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba kamati imeridhika na usafi wetu. Mama Kulwa hakufurahi. Alitaka tuazime sufuria za watu wengine. Nikamwambia huo ni upuuzi, sufuria kubwa kama yangu hakuna mji mzima, na zaidi ya hapo, nani wa kutuuliza wakati wakubwa wao wote tunao mezani? Alifikiri. Akasema basi zisuguliwe kwa mchanga, kisha majivu, kisha maji ya moto mara mbili, ndani na nje, na mifuniko. Tuligawana: yeye akachukua ndogo sita, mimi nikachukua ile kubwa. Sufuria niliisugua mpaka nikajiona. Mfuniko wake, ambao siku mbili kabla nilikuwa nimeugeuza nikautumia kama sinia la kuparia perege, niliumwagia maji tu nikauegemeza ukutani. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, nilitaka kuwahi kusikiliza. "Mfuniko umesugua?" Mama Kulwa akauliza. "Nimesugua."

Siku ya sherehe pilau ilitoka vizuri kuliko zote nilizowahi kupika, na nimepika nyingi. Mchele wa Magugu, nyama ya fahali aliyechinjwa alfajiri, iliki ya kutosha. Mgeni rasmi alikuwa ofisa mmoja mpya wa mkoa, mtu mnene mpole, mwenyeji wa kando ya Ziwa Viktoria, na kwa mara ya kwanza katika historia ya wageni rasmi alifika kwa wakati. Aliketishwa meza kuu na wale wazee wanne, na katikati yao shangazi yake Mzee Bura, bibi wa Dareda aliyekuwa na miaka mingi na macho makali. Sisi wapishi tulisimama nyuma karibu na mafiga. Niliona bibi anaacha kula. Akaingiza vidole kwenye pilau, akatoa kitu kidogo, cha mviringo, kinachong'aa, akakiinua kwenye mwanga. "Bura," akasema, "hiki ni nini?"

Hapo ndipo nilipaswa kucheka, kama ningekuwa na nafasi. Wanaume wanne waliokuwa wametema magamba kwenye meza yangu mwaka mzima walikiinamia kile kitu kama hawajawahi kukiona. Wa kwanza akasema ni nailoni. Wa pili akasema la, ni kucha ya mtoto. Wa tatu akakipokea, akakinusa, akasema hili litakuwa ganda la kitunguu cha aina fulani. Hakuna aliyeweza kusema kilikuwa nini, kwa sababu kusema ni kukiri kwamba unakijua. Mzee Bura akajishughulisha kupangusa kijiko chake. Nadhani kama wangeachwa pale, wangekubaliana ni kitunguu, bibi angemeza, na maisha yangu yangekwenda vingine. Lakini mgeni rasmi, masikini, alitaka kusaidia. Akakichukua akatabasamu. "Bibi, hili mbona ni gamba la samaki. Perege huyu. Tena mkubwa." Vijiko vikasimama kwanza meza kuu, kisha meza za karibu, kisha uwanja mzima, kadiri neno lilivyopita. Bibi wa Dareda akasukuma sahani, akageuza uso pembeni, akatema.

"Waiteni wapishi," akasema Mzee Bura.

Tukaenda, mimi na aproni yangu nyeupe, Mama Kulwa na mwiko mkononi. Mzee Bura alikuwa amesimama, na sauti yake ilikuwa ya hakimu. "Binti, wewe ni mtoto wa kwetu," akaniambia. Hakumtazama Mama Kulwa hata kidogo. "Sema mbele ya wazazi hawa. Sufuria zilizopika chakula cha watoto wetu zinapikiwa nyoka wa majini?" Nikamtazama. Sauti ilihukumu, lakini macho yalikuwa yanaomba. Wale wengine watatu walikuwa wanatazama vitambaa vya meza. Nilikuwa nao mkononi, wote wanne. Ilihitajika sentensi moja: Mzee, hilo wewe unalijua kuliko mimi, uliza Jumatano. Niliisikia sentensi hiyo ikiwa tayari mdomoni, naisikia mpaka leo. Lakini niliona pia kitakachofuata: wanne wataanguka, na watakapoanguka wataniangukia mimi, na kesho nitakuwa kwenye basi la Mbulu na sanduku langu. Nikasema, "Sufuria si zangu, mzee. Ni za Mama Kulwa. Mimi ameniajiri tu. Mimi samaki sili."

Nilisema hivyo mbele ya uwanja mzima, kwa Kiswahili safi cha shule, bila kigugumizi. Mama Kulwa akageuka akanitazama. Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo. Alinitazama jinsi alivyokuwa akifunua shavu la samaki kuangalia ndani. Kisha akawageukia wazee. "Ni zangu," akasema. "Kuzisafisha ilikuwa kazi yangu, na kosa ni langu. Huyu binti hana kosa." Akauweka mwiko chini, juu ya jiwe la figa, akavua aproni, akaondoka katikati ya meza. Watu wakampisha njia kwa kuvuta nguo zao. Mzee Bura akashusha pumzi. Akanigonga begani, mara mbili, akasema, "Umelelewa vizuri, binti yangu." Na mimi, Mungu anisamehe, nilifarijika. Mgeni rasmi ndiye pekee aliyebaki na haya usoni, akigeuza lile gamba vidoleni, bila kuelewa amefanya nini. Pilau ikatangazwa haramu. Waumini wakala ndizi na kunywa soda. Jioni sufuria yangu kubwa ilirudishwa bandani tupu, imekombwa mpaka ukoko, na kila niliyemuuliza aliniambia hajagusa.

Tulikuwa tunalala chumba kimoja cha kupanga kule Nakwa. Nilirudi nimejiandaa kwa maneno makali, nikamkuta Mama Kulwa anakunja nguo zake, ameshatandua kitanda chake. Hakunisema. Labda angenisema ningejibu, na katika kujibu ningeweza kufika mahali. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Asubuhi nilimsindikiza stendi, maana nilijiona muungwana, nikambebea ndoo yake yenye vyombo. Njia nzima nilizungumza. Nilimwambia asisahau chandarua, nilimwambia basi la Singida ni zuri kuliko lile lingine, nilimwambia maneno ya watu huisha na akitaka anaweza kurudi baada ya mwezi. Alikuwa ananijibu ehee, ehee, kwa adabu, kama mtu anayezungumza na mwenye nyumba. Alipopanda aliketi dirishani, akanipa kisu chake kile chembamba, mpini umefungwa mpira wa baiskeli. "Ukikinoa, nolea jiwe, usinolee saruji," akasema. Neno moja lililofaa kusemwa pale nililijua. Lilikuwa limekaa kooni, nikalipitisha pembeni kila mara kwa neno jingine la kijinga kuhusu chandarua. Basi likaondoka. Nikarudi bandani nikawasha moto, kwa kuwa ilikuwa siku ya kazi.

Watu huniuliza nimewezaje kudumu kwenye biashara hii, na mimi huwapa majibu ya semina: usafi, lugha nzuri kwa mteja, kuamka mapema. Sijawahi kumwambia mtu kwamba nilidumu kwa sababu wazee wanne walikuwa wananidai ukimya, nami nikawa nawadai heshima, na deni la namna hiyo ni dawa nzuri ya kushikilia mji. Harusi nilipewa. Vipaimara nilipewa. Nilikuwa mtoto wa kwetu, aliyeponyoka mikononi mwa mla nyoka. Nawadharau kwa hilo, na nimewadharau bila kupumzika kwa miaka yote hii, nikiwapakulia. Lakini wao walidanganya kwa ajili ya kambale tu. Mimi ndiye niliyemtoa mtu kafara. Tena nilimtoa aliyekuwa amenipa kipande cha shavu kwa mkono wake na miba ameitoa.

Jumatano ya kwanza baada ya yeye kuondoka, nilisikia kikohozi kichochoroni, mara mbili. Nilikuwa nimejiambia usiku na mchana kwamba Mzee Bura akithubutu kuja nitamfungia mlango, au nitamwambia apite mbele na aagize kwa jina lake. Nikafungua. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Ile ya ndani ipo?" Ilikuwepo. Nilikuwa nimenunua kambale asubuhi ile, nikijidanganya kwamba ni kwa ajili ya maofisa. Nikampangusia meza, nikamwekea kichwa. Alikula peke yake, nami nikasimama karibu na beseni la maji. Alipofika katikati akaacha, akalamba vidole, akakunja uso. "Yule mama alikuwa anaweka nini humu?" "Ndimu, mzee. Na kuacha muda upite." "Basi wewe hukuacha. Mchuzi wa leo hauna kitu. Yule mama alikuwa anajua kupika, bwana." Akasema hivyo kwa masikitiko ya kweli, kama mtu aliyedhulumiwa.

Nikainama, nikaondoa sahani mbele yake. "Nisamehe, mzee," nikamwambia.

Neno lenyewe, kumbe, halikuwa gumu kutoka.